Mlango wa Karakana ya Kipimo

Mtaani kwetu kuna karakana moja isiyo na mlango. Pametundikwa kipande cha turubai, na upepo ukivuma turubai lile hupiga makofi peke yake kama mtu aliyechelewa kuelewa kichekesho. Hapo ndipo kwa Kipimo.

Jina lake la kuzaliwa lipo na mkewe analijua. Sisi wengine tulishalisahau. Ni seremala wa majeneza. Atakutengenezea stuli, meza, hata kabati la jikoni ukimbembeleza, lakini mkono wake umezoea kazi ile moja, na jicho lake pia. Akikutazama huanzia utosini, akashuka taratibu mpaka visiginoni, kisha akarudi juu na kusimama mabegani. Hakusudii. Fundi cherehani naye hawezi kukutazama bila kuona pindo lililofumuka.

Basi watu walikuwa wakimwamkia huku wamesimama upande upande.

"Shikamoo mzee! Lakini nitazame usoni, usinitazame urefu!"

"Marahaba. Wewe nilishakumaliza zamani. Umeongezeka tumbo tu, na hilo halinisumbui."

Watu walicheka, na yeye akacheka, maana siku hizo alikuwa mtu wa kucheka.

Karakana yake na kanisa vilitenganishwa na uchochoro tu. Kipimo hakuwa mtu wa kanisani, wala wa popote pengine pa kusalia. Jumapili aliweka nyundo chini ili asiwavuruge wenzake, ila randa aliendelea nayo, akidai kwamba randa huimba vizuri kuliko sauti ya tatu ya kwaya yao. Mchungaji alizoea kupitia pale baada ya ibada.

"Kipimo, mahubiri yangu yote unayasikia ukiwa juu ya maranda. Si uvuke tu uje ukae ndani kama watu?"

"Mabenchi yenu yanavunja mgongo, Mchungaji. Nimeona yalivyopigwa. Aliyeyapiga alikuwa na haraka ya kwenda kula."

Huyo ndiye Kipimo tuliyekuwa naye. Sasa niwaambie yaliyompata.

Yeye na mkewe walijaliwa mtoto mmoja, wa kike. Mtoto huyo alikulia ndani ya maranda. Akiwa mdogo alilala humo mchana kama kifaranga, na mama yake alimchambua vipande vya mbao nywelini kila jioni huku akigomba. Alikua, akaolewa mtaa wa mbali, na mimba yake ya kwanza ilipokuwa kubwa akarudi nyumbani ajifungulie karibu na mama yake.

Uchungu ulimshika mchana, mvua inanyesha. Mwanzoni wanawake walisema bado, mtoto wa kwanza huwa hana haraka. Halafu wakaacha kusema hivyo. Mkunga wa mtaa, mama mstaafu aliyezalisha nusu ya watu ninaowafahamu, alimpapasa tumbo, akatoka nje na kumwambia Kipimo, "Huyu si wa hapa. Huyu ni wa hospitali, na ni sasa hivi."

Gari lilipatikana. Lakini gari lilisimama barabarani, maana uchochoro ule ulikuwa haupitishi hata mkokoteni. Zamani, wazee wanasema, ulikuwa njia pana. Kisha kanisa likaibiwa viti, likajenga ukuta wa mawe, na ukuta ukameza nusu ya njia. Nani atagombana na kanisa? Sisi nasi tuliona njia imekwisha kuliwa, basi kila mmoja akasogeza jiko lake mbele, huyu akaongeza kizingiti, yule akaongeza banda la kuku. Kanisa lilikula upande wake, na sisi tukala wa kwetu, na katikati pakabaki pa kupita mtu na ndoo yake.

Machela hatukuwa nayo. Kipimo aling'oa mlango wa karakana kwenye bawaba zake, wakautandika godoro, wakamlaza binti. Walibeba wanne: Kipimo mwenyewe mbele pamoja na muuza mkaa, nyuma mkwe wake na mlinzi wa kanisa. Mama mtu alikwenda ubavuni, amemwinulia mwanawe mwavuli.

Walipofika kwenye kona, pale ukuta wa kanisa unapopinda, mlango haukupita. Waliusukuma, wakaurudisha, wakaujaribu huku na huku. Kuulaza ubavu haikuwezekana, na mgonjwa yuko juu yake. Mawe yalikwaruza ubao upande mmoja, jiko la mtu likaukwaruza upande wa pili. Ikabidi warudi nyuma na kuzunguka kwa kule mtaroni, kwenye tope la magoti.

Gari lilikuwa limewasubiri, mlango wazi. Aliyesubiriwa alikuwa ameshaondoka, yeye na mtoto wake tumboni.

Jeneza alilitengeneza Kipimo. Mafundi wenzake walikuja kumwomba awaachie, akakataa kwa kichwa. Hakuchukua vipimo. Mkewe alikuwa ndani, amezungukwa na wanawake, wengine wanalia, wengine wamemshika mikono, na katikati ya kilio kile akasikia nyundo inagonga ng'ambo ya ua. Aliwaambia wanawake, "Nyamazeni." Wakanyamaza. Nyundo ikaendelea kugonga.

Tangu siku hiyo, mama yule akisikia nyundo huchukua kitenge chake na kuondoka. Atakwenda sokoni bila kununua kitu. Atakwenda kwa jirani akae kimya. Nyundo ikinyamaza, anarudi. Hawakugombana, hapana. Waliendelea kuishi nyumba moja na kuitana Baba na Mama kama walivyozoea, ingawa aliyewapa majina hayo hakuwapo tena.

"Baba, chakula."

"Asante, Mama."

Mazungumzo ya nyumba ile yaliishia hapo. Na ule mlango hakuurudisha mahali pake. Aliuegemeza ukutani ndani ya karakana, umeelekea ukuta, akatundika turubai.

Matanga yalipokwisha, Mchungaji aliitisha mkutano kanisani na kualika mtaa mzima, wa kwake na wasio wa kwake. Tulikwenda, tukabanana kwenye yale mabenchi ya kuvunja mgongo: wanaosali Ijumaa, wanaosali Jumapili, na wale ambao Mungu huwaona kwenye misiba tu. Mchungaji hakuhubiri. Alisema, "Ukuta ule ni wetu. Nawaomba mje mtusaidie kuubomoa."

 Muuza nyama, ambaye jiko lake ndilo lililotokeza njiani kuliko yote, akakohoa.

"Na majiko yetu je, Mchungaji?"

"Na majiko yenu."

"Nilijua tu," akasema muuza nyama, "mwaliko wa kanisa hauwi wa bure." Watu wakacheka, wengine wakafuta macho, na tulipotoka nje jambo lilikuwa limekwisha kukubaliwa.

Jumamosi baada ya Jumamosi tulibomoa. Wanakwaya walipokezana mawe kwa mstari huku wakiimba, na wasiojua nyimbo zao wakabeba bila kuimba, ila muuza nyama aliyekuwa akiimba bila kubeba. Njia ikawa pana tena. Mawe yakabaki lundo kubwa uani, na hapo Mkunga akatoa neno lake.

"Njia ni nzuri," alisema, "lakini hospitali haijasogea. Kanisa lina kiwanja, mtaa una mikono, mawe haya hapa. Tujenge chumba cha kujifungulia. Wakubwa wa afya nimeshawaona. Wamesema tukijenga watatuletea muuguzi."

Kikajengwa. Mawe ya ukuta uliomzuia binti wa Kipimo yakawa kuta za chumba cha wazazi. Kipimo alikuwapo kila Jumamosi. Hakutania tena na hakumtazama mtu urefu wala upana. Alitengeneza madirisha, akapaua, akashuka. Mchungaji akijaribu kumchokoza kuhusu mabenchi, alitabasamu kwa adabu tu, jambo lililotuumiza kuliko kama angelia.

Chumba kilipofika kwenye kupakwa chokaa, kamati ilikaa kuzungumzia vyombo. Mkunga alieleza kwamba hospitali ingetoa kitanda kimoja cha chuma, cha kuzalishia. Kilichokosekana ni kitanda cha pili, cha mama kupumzika na mwanawe akishajifungua.

Kipimo alisimama kule nyuma. "Hicho nitatengeneza mimi."

Wanawake wakatazamana. Mwishowe muuza mboga, msichana mcheshi aliyekuwa na mimba yake ya kwanza, akainuka kwa taabu.

"Mzee wangu, usinichukie. Wewe ni kama baba kwangu. Lakini mkono wako ni wa kusindikiza watu. Mimi naenda mle kupokea mtu. Nitalalaje juu ya kazi yake?"

Wanawake wakaangalia sakafu, maana alikuwa amelisema la wote. Mke wa Kipimo alikuwa amekaa miongoni mwao. Aliangalia viganja vyake.

"Sikuchukii, mwanangu," Kipimo akasema, na akaketi.

Kesho yake Mchungaji alimfuata karakanani, akapita chini ya turubai na kukaa juu ya kigogo.

"Kwani ni lazima kiwe kitanda, Kipimo? Tengeneza kabati. Tengeneza meza ya muuguzi, utabarikiwa vilevile."

 Kipimo alinyoosha kidole kwenye ule mlango uliogeukia ukuta.

"Ubao ule haukufika, Mchungaji. Nilitoka nao hapa, nikakwama, nikarudi nao. Kila siku nikiingia ndani uko pale. Nataka ufike. Sina jambo jingine ninaloliomba kwenu."

Mchungaji alikaa pale juu ya kigogo mpaka chai aliyoletewa ikapoa. Alipotoka alikwenda moja kwa moja kwa Mkunga, na Mkunga akazunguka nyumba kwa nyumba kuongea na wanawake. Habari ya ubao hakuitaja. "Kitanda ni miguu minne na mbao," aliwaambia. "Nimezalisha kwenye mikeka, nimezalisha kwenye tela la trekta, na mmoja wenu hapa, simtaji, nilimpokea kwenye gunia la mahindi, na mnamwona alivyo na maringo!" Walicheka. Walikubali shingo upande, lakini walikubali.

Kitanda kile Kipimo alikitengeneza bila nyundo. Sikilizeni hilo, maana mtu wa ufundi ndiye atakayejua lilivyo gumu. Hakutumia msumari hata mmoja. Alichonga ndimi na matundu kwa patasi, akaunga kwa gundi na vijiti vya mbao ngumu, na kijiti kilipokataa kuingia alikigonga kwa kipande cha gogo alichokivisha matambara. Mkewe alikuwa jikoni, hatua chache tu, na hakusikia kitu. Kipimo aliuparura ule mlango kwa randa mpaka makwaruzo ya kona yakaisha. Matundu ya bawaba aliyaziba kwa unga wa mbao na gundi, akayapiga msasa, yakabaki madoa tu. Nilipita nikamwona amepiga magoti, shavu limekaribia ubao, anapuliza vumbi. Nikapita kimya.

Siku ya kukipeleka, watu wanne walibeba, na Kipimo alikuwa mbele. Tulipofika pale palipokuwa na kona aliwaomba wasimame. Hapakuwa na kona tena, palikuwa na njia pana na wanakwaya wamesimama kando. Aliangalia kushoto, akaangalia kulia. Akasema, "Twendeni." Kitanda kikapita.

Ndani, wanawake walikuwa wamejaa kuona chumba. Kitanda kiliwekwa chini ya dirisha, na kwa kweli kilipendeza. Mkunga akakunjua shuka jipya na kulitandika. Upande wa kichwani shuka liliangukia sawasawa. Akaenda upande wa miguuni, akalivuta. Lilining'inia sana kushoto. Akalivuta kulia, likaning'inia kulia. Akalivuta tena. Kisha mikono yake ikasimama.

Sote tuliona kwa pamoja. Kitanda kilikuwa kipana mabegani na chembamba miguuni.

Hakikuwa chembamba sana. Mtu asiyemjua Kipimo asingeona kitu. Lakini mtaa wetu mzima umebeba kazi ya mikono ile mabegani mwake, na umbo lile tunalijua. Muuza mboga aliweka mkono tumboni, akageuka, akatoka. Akafuata mwingine. Walitoka bila neno, mmoja mmoja, kwa heshima, kama watu wanavyotoka kwenye nyumba yenye mgonjwa.

Kipimo alikuwa bado anatabasamu mlangoni. Alidhani wanampisha.

Mkewe ndiye aliyebaki. Alikisogelea kitanda, akatandaza vidole na kupima kwa shibiri upande wa kichwani, kisha akapima miguuni. Hapo ndipo alipoutambua ubao. Nilimwona anavyoutambua, kiganja kilivyoganda.

"Baba," alisema kwa sauti ya chini. "Umekifinya miguuni."

Kipimo alikuja, akatazama. Alitazama kama mtu anayesomewa habari zake mwenyewe. Akainama, akalaza jicho kwenye ukingo wa ubao kama mafundi wafanyavyo, na hakuinuka.

"Sikuona, Mama. Haki ya Mungu sikuona."

"Najua."

"Mkono ulikwenda wenyewe."

"Najua, Baba."

Mchungaji alijaribu kusaidia. Alisema si kitu, kinanyooshwa, kesho tu kitakuwa sawa. Mkunga akatikisa kichwa. "Ungekinyoosha mpaka kikawa mstari wa daftari," alisema, "wameshakiona. Hakuna atakayelala hapo, na mzazi mwenye hofu simtaki mle ndani. Nisamehe, mzee."

Kipimo alishika upande mmoja wa kitanda, sisi tukashika mwingine, tukakitoa uani. Alikuwa amekwisha kuelekea njia ya nyumbani pale mkewe aliposema kwa nyuma, "Usiurudishe ubao ule nyumbani."

Akageuka.

"Siwezi kuuona tena ukutani," mama yule alisema. "Nami naingia karakanani ukiwa hupo. Unadhani siingii? Ukate. Uwe kitu kingine, ubaki hapahapa."

Basi aliukata palepale, kwenye uwanja wa kanisa, mbele ya waliokuwapo. Msumeno wake uliletwa. Aliupasua ubao ule kwa urefu, na uliposhuka mpaka mwisho vile vipande viwili vilitengana polepole, akavishika visianguke. Kimoja akakifanya cha kukalia, kingine cha kuegemea mgongo. Alivinyoosha vyote kwa randa, na safari hii aliomba mtu mwingine amsomee vipimo. Miguu ilihitaji misumari. Alipoinua nyundo alisita, akamtazama mkewe aliyekuwa amesimama kwenye kivuli cha kuta. Mkewe aligeuza uso, lakini kitenge hakukichukua. Alibaki. Kipimo akagonga, na kila alipogonga mabega ya mama yule yaliruka kidogo, mpaka msumari wa mwisho.

Benchi likawekwa nje, kando ya mlango wa chumba cha wazazi, kwa ajili ya wanaosubiri. Kanisa likatafuta kitanda cha pili cha chuma, kikapatikana.

Wa kwanza kujifungulia mle alikuwa yule muuza mboga. Alikuja asubuhi, kwa miguu yake, njia nzima anamtukana mumewe. Mumewe, fundi pikipiki, aliambiwa akae nje, na nje alimkuta Kipimo. Kipimo alikuwa amekuja tangu habari ilipomfikia, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumuuliza amefuata nini. Fundi pikipiki alikaa, akasimama, akakaa, akapangusa mikono isiyo na grisi.

"Mzee, zungumza basi. Ukinyamaza hivyo nahisi unanipima."

"Wewe?" Kipimo akasema. "Kwa unavyotetemeka hivyo siwezi kukupata sawasawa."

Kijana akacheka kwa nguvu kupita kichekesho chenyewe. Baadaye kidogo ndani pakatoka sauti ya mkewe, kisha kimya, kisha mtoto akalia. Fundi pikipiki aliruka akaingia ndani bila ruhusa, na Mkunga akamfukuza, na hakutoka.

Mke wa Kipimo, aliyekuwa akimsaidia Mkunga kuchemsha maji, alitoka na beseni. Akamwaga maji kwenye mtaro, akasimama.

"Wa kike," alisema.

"Wazima?"

"Wazima wote."

Kipimo aliitikia kwa kichwa. Mkewe aliweka beseni chini, akakaa kwenye benchi, kule mwisho. Siku zote alikuwa akilipita. Mkono wake ulipapasa ukingo wa ubao mpaka ukakutana na doa la tundu la bawaba, ukasimama hapo.

"Alishika hapa," akasema. "Njia nzima. Wewe ulikuwa mbele, hukumwona. Hakuwa analia, Baba. Alishika hapa, akaniuliza, 'Baba hajachoka?' Nikamwambia hajachoka."

 Kipimo alisogea polepole mpaka kule mwisho, akaweka mkono wake kando ya mkono wa mkewe, kwenye ukingo, na walikaa hivyo mpaka watu walipoanza kuja kumwona mtoto, wakawapita kimyakimya.

Benchi lile lipo. Mvua na jua havilihurumii, na kila masika yakiisha Kipimo huja na msasa na kopo la vanishi akalianza upya, kichwani mpaka miguuni. Akifika kwenye lile doa huinua mkono, akaliruka, akaendelea upande wa pili.